Mayai Sitini na Gari Liitwalo Bubu

Tunduma, Jumapili jioni

Salome mwanangu,

Kukuuliza hali ni kujisumbua bure, maana nakusikia chumba cha pili ukigombana na zipu ya begi. Mama yako yuko jikoni anakukaangia maandazi ya njiani, utadhani Mlowo ni Dar es Salaam. Mimi nimejifungia sebuleni na lile daftari langu la zamani la safari. Nimekuambia naandika orodha ya vitu vya kukagua kwenye gari kabla hujaondoka. Nimekudanganya, na si mara ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu ya barua yenyewe.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kula kwa wakati na kwenda kanisani. Hayo mama yako ameshakupa ya kutosha na mengine ya akiba. Mimi nina jambo moja nililolikalia miaka miwili. Yale mayai yako sitini hayakuharibika kwa sababu umeme ulikatika. Niliyaharibu mimi. Kesho asubuhi unaondoka kwenda kuanza kazi kwenye duka la dawa za mifugo huko Mlowo, na gari lilelile lililonifanya niyaharibu, na mama yako ameniambia wazi: "Baba Salome, utamwambia wewe kabla hajaondoka. Usipomwambia nitamwambia mimi, na mimi sitapunguza kitu."

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Juzi ulipofika kutoka chuoni nilikaa na wewe barazani, nikaanza vizuri tu, nikaishia kukueleza upepo wa matairi. Unanijua. Mdomo wangu ni mwepesi wa kufoka, ila kwenye kuomba radhi unakuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi. Basi soma, mama. Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, na yeye ndiye mtu wa mwisho niliyewahi kumwomba msamaha bila kuzungukazunguka.

Miaka ishirini nimeendesha magari ya watu. Nalichukua gari bandarini, nalileta hapa Tunduma, navuka nalo na kumkabidhi mwenyewe upande wa pili. Kazi ile ilinifundisha kwamba mafuta hayaendi peke yake. Ukiamka kwenye maegesho ukakuta mshale umeshuka, usiilaumu injini, tafuta mtu mwenye mpira na dumu. Nimewahi kumkuta mmoja mpira bado uko mdomoni, ananiambia alikuwa anaangalia kama tenki ni safi. Ukiishi na watu wa namna hiyo miaka yote hiyo, mwishowe unamwona kila mtu ana mpira mdomoni, hata binti yako mwenyewe.

Halafu nikamnunua Bubu. Unakumbuka alivyokaa pale yadi miezi na miezi, kagari keupe ka umeme, kaliagizwa na mteja wa Zambia, mteja akaghairi. Vumbi lilikuwa limekalalia juu mpaka watoto wakaandika majina yao kwenye kioo. Wenzangu walinicheka. Mmoja akasema, "Sasa kakiishiwa moto huko Vwawa, utakawekea chaja ya simu?" Mimi nikaona bei ya gari, nikakumbuka bei ya petroli, nikatoa hela. Wewe ndiye uliyekapa jina, kwa sababu kaliingia uani bila mlio hata kuku wa mama yako hawakukimbia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kujifanya najua. Nilitazama video za Wazungu kwenye simu, wanasema gari la umeme lichajiwe usiku, umeme wa usiku ni rahisi. Wale Wazungu hawakudanganya. Walikuwa wanasema ya kwao. Mita ya nyumbani kwetu haijui saa. Yuniti ya usiku wa manane na yuniti ya saa saba mchana ni bei moja. Mimi niliyekuwa nasimama kila kituo kuuliza dizeli shilingi ngapi kabla sijafungua tenki, nilichukua bei ya nchi ya watu nikaileta uani kwangu bila kumuuliza mtu. Basi kila mkishalala nikawa navuta ule waya wa ekstensheni kupitia dirisha la stoo, namchomeka Bubu, naenda kulala nikijiona mjanja. Hakuna aliyekuwa macho kuona namba zinavyoshuka kwenye mita.

Jambo la pili nalo sikulijua, na hili ulishike maana litakufuata hata Mlowo. Nyumba yetu, yenye taa tano, redio na pasi ya Jumamosi, ilikuwa kwenye ile bei nafuu ya watu wenye matumizi madogo. Bei hiyo ina kikomo chake kwa mwezi. Ukikipita, yuniti zinazozidi unazinunua kwa bei kubwa, na ukizoea kukipita wanakuhamisha kabisa. Bubu alikuwa anakimaliza kikomo chetu ndani ya wiki moja. Hela ileile niliyozoea kununulia umeme ikaanza kurudisha yuniti kiduchu. Dereva wa tangu zamani akiona hivyo anafikiri nini? Nikasema naibiwa.

Na ndani ya nyumba hii kulikuwa na kitu kimoja tu kinachowaka usiku na mchana, mashine yako ya kutotolesha vifaranga.

Nataka ujue kwamba nilikuwa naiona kazi yako. Nilikuwa najifanya siioni. Niliona ulivyomsimamia seremala mpaka mlango wa lile boksi ukafunga bila kupitisha hewa. Niliona ulivyotia kila yai alama ya penseli upande mmoja, ukawa unayageuza asubuhi, mchana na jioni, hata ukiwa na homa. Ishirini yalikuwa ya Mama Zainabu, jirani yetu wa vitenge, na mengine ya akina mama wa kwaya. Walikuamini mtoto wa miaka ishirini na moja, wakakupa mayai ya kuku wao bora. Nilikuwa nikipita stoo nikiona ile taa ndogo nasikia fahari, halafu naenda kusoma mita, fahari inaisha.

Siku moja tukiwa tunakula nikasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," huku naangalia mlango wa stoo. Ulielewa. Ulinijibu taratibu, "Baba, hii mashine haifikishi yuniti mbili kwa siku. Nimepiga hesabu."

Nikakujibu, "Hesabu za darasani hizo."

Hesabu zako zilikuwa sahihi, mama. Nimezipima baadaye, zilikuwa sahihi kabisa.

Siku ya kumi na nane tangu mayai yaingie mashineni ulikwenda Vwawa kwa shangazi yako kufuatilia mambo ya chuo, ukalala huko. Uliniachia neno moja tu: "Baba, kuanzia leo mayai hayageuzwi tena. Usiguse kitu, wewe angalia tu taa inawaka." Jioni ile nikasoma mita, ikaonyesha kumi na sita. Nikajiambia leo namkamata mwizi. Nikachomoa plagi ya mashine yako. Bubu nikamchomeka kama kawaida, kwa sababu haikunipitia akilini hata kidogo kwamba naye ni mtuhumiwa. Nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi mita ilionyesha mbili.

Yuniti kumi na nne zimeondoka, na mashine yako haikuwaka hata dakika moja. Nilielewa hapohapo, bado niko pekupeku. Nikaenda stoo nikafungua lile boksi nikashika yai. Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni ya huku unaijua. Nikachomeka plagi haraka, taa ikawaka, nikakaa pale kwenye gunia nikiyaombea mayai kama mtu anayeombea mgonjwa. Ulipopiga simu kuuliza, nikakuambia umeme ulikatika usiku kucha. Neno lilitoka lenyewe, mwanangu. Lilikuwa jepesi sana kusema.

Siku ya ishirini na tatu, siku mbili baada ya siku ya kuanguliwa, ukavunja yai moja kuangalia. Kifaranga kilikuwa kimekamilika, kina manyoya tayari. Hukulia. Afadhali ungelia. Ulisema tu, "Ningekuwepo ningeweka chupa za maji ya moto. Kosa langu." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa nyuma yako, na sikusema kitu. Siku ile uani kwetu tulikuwa na mabubu wawili.

Ulipita nyumba kwa nyumba ukiwaomba radhi akina mama kwa kosa ambalo hukulifanya. Ukaisukuma mashine kwenye kona, ukaifunika gunia. Na tangu siku ile, mtu akikuuliza habari za vifaranga, unamjibu, "Mimi sina mkono wa vifaranga." Umelisema chuoni, umelisema kwa shangazi yako, juzi umelisema tena hapa sebuleni ukicheka. Kila ukilisema mimi naona aibu mpaka miguuni. Hilo neno si lako. Nilikupa mimi kwa uongo wangu, na usiku wa leo nalidai nirudishiwe. Mkono unao.

Baada ya hapo nilitengeneza kila kitu isipokuwa kile cha kwanza kilichotakiwa kutengenezwa. Nilimwita fundi Jonasi, yule mnyamavu aliyefunga umeme kanisani. Akashika ule waya wangu wa ekstensheni Bubu akiwa anachaji, akaurudisha mkono haraka.

"Mzee, huu ni waya wa redio," akasema.

"Unafanya kazi," nikamjibu.

"Unafanya kazi ya jiko. Huo moto unaousikia hapa umeshaulipia, na haujaingia kwenye gari. Siku nyingine ungekupikia nyumba."

Akavuta waya mnene kutoka kwenye swichi kubwa mpaka ukutani, wenye njia yake peke yake na waya wa ardhini, akafunga na mita ndogo ya kupima gari tu. Hiyo mita ndogo ndiyo mwalimu wangu. Kila nilichokuwa nabishana nacho ilinionyesha kwa namba, bila kelele. Nilijifunza kwamba nikichaji kidogokidogo kila mara naongeza upotevu, maana gari likichaji lina vitu vyake vya ndani vinavyokula umeme hata kabla betri haijapata. Nikajifunza kumwacha Bubu apoe kwanza nikitoka safari. Nikajifunza kutomjaza mpaka mia. Nikitoka na betri imejaa pomoni kisha nikakutana na mteremko, ule umeme anaoutengeneza mwenyewe akishuka hauna pa kuingia, unapotea. Nikimwachia kwenye themanini, mteremko unanilipa. Na mguu wangu, Salome. Mita ilinionyesha kwamba sehemu kubwa ya yuniti nilikuwa nakula mimi mwenyewe kwa mguu wa kulia, kwa kuyafukuza malori ambayo hayakuwa na habari na mimi. Lile joto la ndani asubuhi za baridi nalo linakula. Vaa sweta.

Nimekuwa mhubiri, nisamehe. Ila kuna moja la Mlowo lazima niliseme. Ile nyumba uliyopata ina wapangaji wanne na mita moja. Mwezi wa kwanza tu yuniti zitakwisha mapema, na mtu atasema ni friji ya fulani, mwingine atasema ni pasi ya fulani, na wewe utajua moyoni kwamba ni Bubu. Usingoje waanze kutafutana. Siku ya kwanza kabisa waite, waonyeshe mita ndogo, uwaambie gari langu limekula hizi, hizi ni zangu. Nimekuwekea ile mita kwenye kidroo cha mbele pamoja na namba ya fundi Jonasi, atakuja kukufungia. Ukiweza baadaye omba mita yako mwenyewe, na uulize uko kwenye bei gani. Mimi sikuuliza, na unajua aliyelipa.

Labda unajiuliza mama yako alijuaje. Ni mwezi uliopita tu. Alikuwa anafagia, akaisoma mita ndogo, akaja kunisimamia mbele ya chai.

"Hivi gari likichaji usiku mmoja linakula kumi na nne?"

Nikasema ndiyo, zamani lilikuwa linakula hivyo.

"Sasa usiku ule wa mayai zilikwenda kumi na nne, niliisoma mita kubwa mwenyewe. Na umeme ulikuwa umekatika. Gari lilichaji na nini?"

Akaendelea, "Halafu usiku ule baa ya hapo nyuma ilipiga muziki mpaka kunakucha. Nakumbuka kwa sababu sikulala. Umeme ulikatika wapi, Baba Salome, kichwani kwako?" Nilipomaliza kumweleza hakufoka. Alisema, "Nyani haoni kundule," akachukua kikombe changu chai ikiwa bado nusu, akaenda kukiosha.

Siku tatu baadaye nikaenda kwa Mama Zainabu. Nilimkuta anakunja vitenge, nikamweleza nikiwa nimesimama kama mtoto aliyeitwa ofisini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba Salome, mayai nilishasamehe siku ileile," akasema. "Lakini yule binti alikuja hapa akapiga magoti. Nikamwinua mimi kwa mikono yangu. Hayo magoti utayarudishaje?"

Nikamwambia sijui.

Akakunja kitenge kingine kwanza. "Mimi nitakupa ishirini mengine," akasema. "Ukiyaua na haya, usipite tena mbele ya duka langu."

Akina mama wa kwaya nao wakanipa, baada ya kunisema vya kutosha, wengine kwa Kinamwanga ili maneno yaingie vizuri. Yakatimia sitini. Nikaitoa mashine yako kwenye kona, nikafuta vumbi, nikanunua kile kidude kipya cha kupima joto. Nilifuata daftari lako mstari kwa mstari. Nilitia alama za penseli. Niligeuza asubuhi, mchana na jioni, na mama yako alikuwa nyuma yangu kila mara kama mkaguzi. Juzi kabla hujashuka kwenye basi ilikuwa siku ya kumi na nane, nikaacha kugeuza. Sasa umeelewa kwa nini stoo imefungwa kufuli na kwa nini nilikuambia nimetega sumu ya panya. Huo nao ni uongo, na ni wa mwisho.

Leo ni siku ya ishirini. Mama yako ametoka kuweka sikio kwenye boksi, anasema ndani ya mayai mawili kuna mlio, na moja limeshapata ufa.

Sasa nikuambie na habari ya Bubu, usije ukashangaa asubuhi. Tangu mchana nimejaribu kununua umeme, mtandao umegoma. Hela naituma inarudi. Kwenye mita zimebaki yuniti nne. Bubu yuko asilimia sabini, na nilikuwa nimekuahidi nitakuongezea kidogo kabla ya safari. Nimesimama pale ukutani nikiwa nimeshika waya wake mkononi, nikaangalia mita, nikaangalia mlango wa stoo. Nikaukunja waya nikauweka kwenye buti. Sabini inakufikisha Mlowo ukienda kwa adabu, na ukipata wasiwasi ingia kwa shangazi yako Vwawa, soketi anayo. Lakini zile yuniti nne ni za mashine yako mpaka kutakapokucha. Na ikitokea umeme ukakatika kwelikweli, mama yako ameshajaza chupa za maji ya moto, zimepangwa mlangoni.

Sijui utanitazamaje kesho. Una haki ya kukasirika, na sitakuambia yameshapita, maana kwangu hayajapita. Kama utataka kuuza dawa za mifugo za watu maisha yako yote, uza, ni kazi nzuri na Mlowo ina watu. Kama utataka kutotolesha, mashine nitaileta mwenyewe wiki ijayo kwa basi, nimeipakata. Ila uchague ukijua kwamba hukuwahi kushindwa. Nakupenda, Salome. Nimeandika kurasa nyingi kuufikia mstari huu mfupi, na mama yako atacheka akiusoma.

Ufunguo wa stoo nimeufunga kwenye barua hii. Asubuhi usiwashe gari kwanza. Ukitaka kunigombeza nitakuwa barazani, sitaondoka. Lakini anza na stoo, na mlango uufungue taratibu, wasipigwe na baridi.

Baba yako